Jina Potofu, Kauli Isiyo Sahihi, na Uongo

Neno la Kiingereza "misnomer" limezoeleka katika maandishi ya wasomi wetu, lakini mara nyingi huwekwa mahali pasipo pake. Mwandishi husema kuwa ni "misnomer" kudai jambo fulani, akikusudia kwamba dai hilo si sahihi. Mfasiri naye huandika "uongo". Hivyo makosa mawili yamefuatana. Asili ya neno hilo ni Kifaransa cha kale cha mahakama za Uingereza, ambako maana yake ilikuwa kumtaja mtu katika hati kwa jina lisilo lake. Basi huhusu majina, si madai.

Tutazame Delta ya Rufiji. "Mikoko" ni jina la jumla la msitu wote wa huko, na matumizi hayo yamekubalika. Lakini mti mmoja mmoja una jina lake: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, msinzi, mkomafi. Mgeni aonyeshaye mchu na kuuita mkoko ametumia jina potofu.

Ama mwandishi asemaye leo kwamba Nyamisati imo katika Wilaya ya Rufiji, hakukosea jina lolote, amekosea habari. Katika sensa ya 2012 Kibiti ilihesabiwa ndani ya Rufiji. Katika sensa ya 2022 ilihesabiwa kuwa wilaya mbali, na Nyamisati imo humo. Hiyo ni kauli isiyo sahihi. Wala "Delta ya Rufiji" halikugeuka kuwa jina potofu kwa sababu hiyo, maana delta hufuata mto, haifuati mipaka ya utawala.

Uongo ni jambo la tatu. Mwongo huujua ukweli, kisha akaugeuza. Muuzaji wa boriti ajuaye kwamba nguzo zake ni za mchu, naye akazinadi kuwa za mkoko, huyo ndiye mwongo. Yule mgeni alitamka jina lilo hilo, lakini hakukusudia kumdanganya mtu. Mfasiri akiandika kwamba wote wawili wamesema uongo, amemtia hatiani asiye na hatia. Na katika hati ya mahakama au taarifa ya serikali, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo yafaa "misnomer" lifasiriwe "jina potofu", na neno "uongo" liachiwe palipo na nia ya kudanganya. Kiswahili kina maneno ya kutosha kuyatenga mambo haya. Hakina haja ya kuazima mchanganyiko wa wengine.