Nguzo za Kichwachini

Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii niliifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza katika shule za msingi, na baadaye katika chuo cha ualimu nilichokuwa mkuu wake hadi nilipostaafu. Sikuwahi kuitilia shaka. Ni methali njema, kwa sababu inamtetea maskini mbele ya tajiri. Lakini uzeeni nimeisikia ikitumiwa kumtetea mvivu mbele ya Mungu, na hapo nikaona kwamba imefika wakati wa kuihoji.

Naishi Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa binti yangu anayeshika hesabu za hoteli moja. Sisi Wakristo hapa ni wachache, na karibu wote tumetoka bara kwa ajili ya kazi: wapishi, wahudumu wa mezani, walinzi, mafundi bomba. Jumapili ni siku ya kuhudumia wageni, kwa hiyo sisi hukutana Jumatatu jioni katika chumba cha kupanga, tukakaa kwenye viti vya plastiki. Hatuna padri. Kila wiki mmoja wetu huhubiri.

Jumatatu moja ilikuwa zamu ya kijana ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa nampenda. Mada aliyoichagua mwenyewe ilikuwa utumishi unaompendeza Mungu. Hakuwa amejiandaa. Alipekua Biblia akitafuta somo, hakuliona, akaifunga akasema Roho ataongoza. Kisha akatusimulia kisa ambacho kila mtembeza wageni wa Mji Mkongwe anakijua: kwamba wakati Kanisa Kuu la Kristo lilipokuwa likijengwa Mkunazini, Askofu Edward Steere alisafiri, na nyuma yake mafundi wakasimamisha nguzo kumi na mbili za upande wa magharibi kichwa chini miguu juu. Askofu aliporudi, akaziona, akaamuru ziachwe kama zilivyo. Kijana akahitimisha: "Mnaona, ndugu zangu? Mungu haangalii nguzo, anaangalia moyo. Kutoa ni moyo!" Watu wakaitikia amina. Nami niliitikia, kwa adabu.

Lakini mahubiri hayo hayakunitoka. Mwalimu wa walimu ana ugonjwa wake: akisikia somo lililofundishwa vibaya hapati usingizi mpaka ajue kosa liko wapi. Na hapa kosa sikuliona mara moja, kwa maana kila sentensi ya yule kijana, peke yake, ilikuwa na ukweli ndani yake. Wiki hiyo hiyo nikapanda daladala kwenda mjini, nikalitazame kanisa lenyewe.

Ndugu msomaji, kama hujafika Mkunazini, nikueleze kidogo. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873. Miezi michache tu kabla ya hapo, mwezi wa Juni, Sultani Barghash alikuwa ametia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa. Kanisa likajengwa juu ya uwanja wa soko lenyewe. Wajenzi walitumia mawe ya matumbawe, chokaa na saruji. Dari halikuwekwa boriti. Ni kuba refu lililomiminwa kwa saruji na kokoto za matumbawe, likavuka kutoka ukuta hadi ukuta. Wapo waliotabiri kwamba litaanguka. Zaidi ya miaka 140 imepita na bado lipo juu ya vichwa vya wanaosali.

Nikakaa karibu na birika la ubatizo nikazitazama zile nguzo. Ni kweli, mwenye jicho anaona kwamba mapambo hayakukaa mahali pake. Kilichopaswa kuwa juu kiko chini. Nilikaa pale karibu saa nzima, watalii wakipita wakipiga picha, ndipo nikaona jambo ambalo mhubiri wetu hakuliona: nguzo hizo zimebeba. Uzito uliowekwa juu yake unakaa salama leo kama ulivyokaa siku ya kwanza. Kosa la mafundi lilikuwa kosa la pambo, si kosa la uimara. Kama zingekuwa zimechanganywa mchanga kuliko saruji, je, Askofu angeziacha? Sidhani. Angezivunja siku ile ile, maana chini yake wangekaa watoto.

Ili tumwelewe mtu aliyeziacha nguzo, yafaa tuitazame kazi yake nyingine, ambayo ni kubwa kuliko kanisa. Steere alifika Unguja mwaka 1864. Alikuwa amesomea sheria kabla ya kuwa padri, na bila shaka ndiko alikojifunza kupima maneno. Mwaka 1870 alichapisha London kitabu cha kufundishia Kiswahili, na mwaka huo huo kitabu cha hadithi alizozikusanya kwa wenyeji wa hapa Unguja. Kisha akajitia katika kufasiri Maandiko. Agano Jipya lilitoka mwaka 1883, naye alikuwa amefariki mwezi wa Agosti 1882 na kuzikwa nyuma ya altare ya kanisa lake. Biblia nzima ikafuata mwaka 1891 kwa mikono ya waliobaki.

Katika kazi hii hamna nguzo iliyoachwa kichwachini kwa makusudi. Mwenyewe ameeleza jinsi Sheikh Abdul Aziz, mwanachuoni wa mjini, alivyojitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu katika Kiswahili safi kabisa. Hebu fikiri: Mwislamu mwenye elimu anamfasiria Mkristo Zaburi, bure, kwa ukarimu wa moyo! Hapo kama kutoa kungekuwa ni moyo tu, jambo lingekwisha. Lakini Steere aliona kwamba Kiswahili kile kilikuwa cha kisomi mno kwa watu aliowakusudia. Akashukuru, na kazi ikaendelea kwa msaada wa mwanachuoni mwingine. Yule aliyevumilia nguzo kumi na mbili zilizopinduliwa hakuweza kulivumilia neno ambalo kijana aliyekombolewa utumwani asingelielewa. Na vijana hao hao ndio waliopanga herufi katika mtambo wa uchapaji wa misheni.

Kwa nini huku awe mpole na kule awe mkali? Huu ndio ufunguo wa jambo lote. Neno lisiloeleweka halibebi. Msomaji akiliegemea, anaanguka. Nguzo iliyopinduliwa inachekesha macho, lakini anayeiegemea haanguki. Tena nguzo zilikuwa kazi ya wengine, iliyokwisha fanywa kwa jasho. Tafsiri ilikuwa kazi yake mwenyewe, ambayo bado alikuwa na uwezo wa kuirekebisha. Mtu huyu aliipokea kazi ya wenzake kwa upole na kuitoa ya kwake kwa ukali. Sisi, wengi wetu, tumegeuza. Ya kwetu tunasema "Mungu anaangalia moyo". Ya wenzetu tunasema "hii ni aibu mbele za Mungu".

Maandiko yenyewe hayamruhusu mvivu kujificha nyuma ya methali. Nabii Malaki aliwakemea makuhani walioleta madhabahuni wanyama vipofu na vilema, akawauliza kama wangethubutu kumpelekea liwali wao zawadi kama hiyo. Na yule mjane aliyesifiwa na Bwana kwa sarafu zake mbili hakusifiwa kwa kutoa sarafu mbovu. Zilikuwa ndogo, nazo ndizo zote alizokuwa nazo. Kidogo na kibovu ni vitu viwili. Mungu hupokea kidogo. Kibovu, kinacholetwa na mwenye kizima nyumbani, hukirudisha.

Hapa ningeweza kumaliza na kujisifu kwamba nimemsahihisha mhubiri. Lakini nilipokuwa nimekaa pale Mkunazini alinijia mtu mwingine akilini, na kwa ajili yake nimeandika kurasa hizi.

Katika mtaa mmoja wa kanisa, bara, nilipokuwa mkuu wa chuo, nilikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya ibada. Tulikuwa na mzee aliyejifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya sabini. Alipenda kusoma somo la Agano la Kale. Alisoma polepole, akikwama kwenye majina ya wafalme, akirudi nyuma, akianza tena. Wanachuo wangu, waliokaa viti vya mbele na sare zao, walikuwa wakitazamana. Niliona haya, nikawaambia wanakamati kwamba heshima ya ibada inashuka. Tukamwondoa kwenye orodha. Kwa kuwa wazo lilikuwa langu, nikaenda mimi kumweleza. Aliniamkia kwa heshima, ingawa alinizidi umri, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, Mwalimu." Jumapili iliyofuata alikuja kama kawaida, akakaa nyuma.

Mwaka mmoja baadaye aliugua, nikaenda kumjulia hali. Biblia yake ilikuwa juu ya kigoda karibu na kitanda. Nikaifungua, kwa mazoea ya mwalimu tu. Masomo aliyokuwa ameyasoma kanisani yalikuwa na alama za penseli: kila neno gumu alikuwa amelikata silabi kwa silabi kwa vistari vidogo, majina yote ya wafalme, moja baada ya jingine. Ilikuwa kazi ya siku nyingi. Halafu nikafunua mbele, nikaona masomo ya Jumapili zilizofuata tangu tulipomwondoa. Nayo yalikuwa na vistari. Alikuwa ameendelea kujiandaa, labda akidhani tutamwita tena.

Nilitaka kumwomba radhi. Badala yake nikazungumza habari za mvua, kwamba imechelewa. Naye akakubali kwamba imechelewa. Hakupona.

Sasa naona nilichokosea. Nilikuwa mhakiki aliyetazama pambo tu. Kukwama kwake kulikuwa nguzo iliyopinduliwa. Lakini somo lilibebwa, maana alilisoma kila neno, na watu walilisikia. Wanachuo wangu waliosoma baada yake walikuwa na sauti nzuri na hawakuwa wamelitazama somo kabla ya kusimama. Nilipokea kibovu chenye sauti nzuri, nikakataa kidogo kilichokuwa kizima. Wala sikuwa na upole wa Askofu aliyerudi safarini akakuta kazi ya watu imekwisha simama.

Hapa Paje nimepata mwalimu mwingine asiyejua kwamba ananifundisha. Jirani yangu, mama wa Kiislamu, ni mkulima wa mwani, kazi ambayo wanawake wa pwani hii wameifanya tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, huingia baharini kufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizowambwa kwenye vigingi. Mwani wake akisha kuuanika huukung'uta mchanga kwa mkono, fungu kwa fungu. Siku moja nilimwuliza kwa nini anajisumbua, maana mchanga ungemwongezea uzito kwenye mizani. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto. "Mwalimu, mchanga si mwani," akasema. Lakini mkwewe, aliyeanza juzi kazi hii, alipofunga kamba ovyo, sikumsikia mama huyu akimgombeza. Alikaa naye majini akafungua mafundo akafunga upya, wakicheka.

Nilimwita yule kijana mhubiri nyumbani, nikamwambia haya yote, pamoja na habari ya mzee. Nilitegemea atakasirika. Akaniuliza swali moja tu: "Sasa, Babu, siku uliyoniona nimekosa, mbona uliitikia amina?" Sikuwa na jibu zuri. Nilikuwa mkali rohoni na mpole mdomoni, na hilo nalo si utumishi wa moyo wote. Basi tumekubaliana: yeye atakuja Alhamisi kabla ya zamu yake ya kuhubiri, tutazame somo pamoja, nami, nikiona kosa lake, nitamwambia usoni, si kitabuni. Ameniruhusu kuandika haya.

Methali siikatai. Kutoa ni moyo. Ila moyo ukitoa kweli huanza kutoa mapema, tangu Jumatano, mahali ambapo hakuna anayeuona. Jumatatu ijayo somo litasomwa na mlinzi wa usiku wa hoteli moja, mtu wa makamo aliyeishia darasa la nne. Anasoma polepole mno. Nimempa sura na aya tangu wiki iliyopita, na nimempa penseli.