Chupa au pipa: bia ya kiwanda kidogo inapofika Gitega

Mteja wa baa ya mtaani Kigali akishaketi huulizwa mambo mawili: anataka bia gani, na anaitaka ya baridi au ya moto. Ya moto ni ile ambayo haijaingia kwenye friji, na wanaoipenda hivyo ni wengi. Swali la tatu, la chupa au pipa, haliulizwi. Gitega ninayoizungumzia ni sekta ya wilaya ya Nyarugenge, jirani wa Nyamirambo, wala si mji wa Burundi wenye jina hilo. Huko jibu la swali la tatu limekwisha kupangwa ukutani, kreti juu ya kreti.

Sasa Kigali ina bia za viwanda vidogo, zinazopikwa lita chache kwa mkono wa mtu anayejulikana, na wapenzi wake husema kwa uhakika kwamba bia ya namna hiyo ni lazima itoke bombani. Sikubaliani nao. Kwa baa ya mtaa kama wa Gitega chupa inashinda, na sababu zake ni za kifundi kabla ya kuwa za mazoea. Ila chupa yenyewe inabidi ijazwe kwa namna tofauti na ile ya viwanda vikubwa.

Tuanze na hao wakubwa, kwa kuwa ndio waliojenga njia ambayo kila bia hupita. Bralirwa ilianzishwa mwaka 1957, ikaweka kiwanda Gisenyi kando ya Ziwa Kivu, na Primus ikaanza kupikwa hapo mwaka 1959. Mützig ilifuata mwaka 1987, kampuni ikiwa tayari mikononi mwa Heineken. Baadaye ikaja Skol, ya wawekezaji wa Kibelgiji wa Unibra, na kiwanda chake kiko Nzove, pembeni mwa Kigali. Wote wawili wanauza bia, lakini kinachozunguka mjini kila asubuhi ni chupa: lori linashusha zilizojaa, linapakia tupu, na mwenye baa ambaye hana tupu analipia amana. Mtaji wake umekaa kwenye kioo.

Ndani ya chupa hiyo kuna kazi ambayo mnywaji haioni. Bia ikishajazwa na kufungwa, chupa nzima hupitishwa kwenye handaki la maji ya moto hadi bia ifike nyuzi 60 hivi za Selsiasi na kukaa hapo dakika kadhaa, mpaka vijidudu vife. Kizibo cha bati chenye meno 21, kizazi cha kile alichobuni William Painter kule Baltimore mwaka 1892, huzuia gesi isitoke na hewa isiingie. Chupa ya aina hiyo inaweza kusimama dukani miezi kadhaa bila friji, kisha ikafunguliwa na kutoa povu lake.

Halafu kuna imani. Katika mila ya Wanyarwanda anayekukaribisha pombe huionja kwanza mbele yako, ndipo akupe. Kizibo kinachofunguliwa mezani kimechukua kazi hiyohiyo: unaona kwamba hakuna mkono uliotangulia wako. Na chupa tupu hubaki mezani hadi mwisho, kwa sababu ndizo hesabu. Mteja anazihesabu, mhudumu anazihesabu, mwenye baa asubuhi anazihesabu ndani ya kreti, na ugomvi unakuwa haba. Glasi ya pipa huoshwa na kurudi kabatini, na ushahidi umekwenda na maji. Mtu anayetaka kuleta bomba la bia Gitega na hajafikiria jambo hili bado hajaanza kazi.

Tuje kwenye pipa lenyewe, kwa kuwa hapa ndipo mengi huharibika. Bia aina ya laga hubeba gesi ya kabonidioksidi kama gramu 5 kwa kila lita. Inayoishikilia humo ni baridi na shinikizo, na ukipunguza kimoja lazima uongeze kingine. Bia ikiwa na nyuzi 3, ukiwa Mombasa au Dar es Salaam, regyuleta ikisoma kilopaskali 78 hivi, gesi inatulia. Bia hiyohiyo ikiwa na nyuzi 21, joto la kawaida la chumba Kigali, inataka karibu 200. Kwa shinikizo hilo mpira mfupi wa kawaida wa kupitisha bia hadi bombani hautoi bia, unatoa povu tupu. Itabidi uuongeze urefu mara mbili au zaidi ili msuguano wa ndani uivunje kasi. Kwa hiyo yule mteja anayependa bia ya moto, ambaye chupa inamhudumia bila shida yoyote, pipa halina njia rahisi ya kumpa anachotaka.

Kuna na mlima. Kigali iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pwani inatukandamiza kwa kilopaskali 101, ya Kigali kwa 84 hivi. Regyuleta haipimi shinikizo lote lililo ndani ya pipa; inapima limezidi hewa ya nje kwa kiasi gani. Fundi aliyejifunza Mombasa akifika Gitega akaweka namba aliyoizoea, pipa linapungukiwa kilopaskali 17 bila yeye kujua. Gesi inaanza kujitenga ndani ya mpira, mwenye baa anamwaga povu kwenye ndoo jioni nzima, na glasi za mwisho zinatoka zimepooza. Dawa ni kusogeza kipimo kutoka 78 hadi 95. Ni suala la kuzungusha skrubu kidogo, lakini karatasi za maelekezo zinazokuja na vifaa huandikwa na watu wa nchi tambarare, na nimeona fundi akilaumu bia pale ambapo kosa lilikuwa la mlima. Chupa iliyofungwa haina habari na mlima, maana shinikizo lake lilifungiwa ndani kiwandani.

Umeme nao una neno lake. Friji ya chupa ikizimika kwa saa tatu kwa sababu Cashpower, umeme wa kulipia kabla, imekwisha, chupa zinapata joto kisha zinapoa tena, na Primus iliyopita kwenye maji ya moto huvumilia. Pipa la kiwanda kidogo kwa kawaida halikupita humo. Hamira na vijidudu vilivyomo viko hai. Likikaa chini ya nyuzi 4 na kusukumwa kwa kabonidioksidi safi, huvumilia wiki kadhaa. Likipata joto la chumba, siku chache tu. Likisukumwa kwa pampu ya hewa, lazima liishe leo, kwa sababu oksijeni imekwisha kuingia. Mpira usiooshwa hufuga bakteria wa maziwa na wa siki, na bia nzuri inafika kwenye glasi ikinuka siagi au imechachuka. Wanaoijua kazi huuosha kwa dawa kali kila wiki mbili.

Pamoja na hayo yote, kuna mahali Afrika Mashariki ambapo pipa liliingia vichochoroni na likakaa. Mwaka 2004 East African Breweries ilizindua Senator Keg nchini Kenya, kwa makubaliano kwamba serikali ingepunguza ushuru ili wanywaji wa chang'aa wapate kitu salama wanachokimudu. Bia hiyo ilikwenda kwa mapipa ya lita 50, ikauzwa kwa kikombe. Hapakuwa na chupa, lebo wala kizibo, na kila kilichoondolewa kilishusha bei. Bei ikishuka watu wanajaa, pipa linakwisha mapema, na bia haipati muda wa kuharibika. Mwaka 2013 serikali ilipoitoza nusu ya ushuru wa bia za kawaida, mauzo yalianguka vibaya mno. Mwaka 2015 nafuu ikarudishwa kwa asilimia 90, pipa likafufuka, hata mwaka 2019 kampuni ikafungua kiwanda Kisumu kwa ajili ya bia hiyo. Wengi husoma kisa hiki kama habari ya kodi. Mimi naona ndani yake kanuni ya kazi ya pipa: uzima wake uko kwenye kasi ya kuisha, na kasi inatokana na bei.

Bia ya kiwanda kidogo haina bei hiyo. Kimea kinatoka mbali, hopsi zinatoka mbali zaidi, na Rwanda ilipandisha ushuru wa bia mwaka 2025 kutoka asilimia 60 hadi 65. Chukua pipa la lita 30. Kwa hesabu ya karatasi ni glasi 60 za nusu lita, na ukitoa povu na mabaki utapata 55 hivi. Bomba la hoteli ya mtaa wa kitajiri wa Kiyovu linaweza kuzimaliza katika usiku mmoja wa mechi. Gitega, ambako mtu atanunua moja ya kuonja kisha arudi kwenye Mützig yake, glasi nane kwa siku ni biashara nzuri sana, na maana yake pipa linasimama wiki nzima, na Cashpower iko pale pale.

Kwa nini basi wapishi wadogo wanalipenda pipa? Kwa sababu kujaza chupa ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Kupika bia nzuri lita 500 kunahitaji akili na usafi. Kuigawa katika chupa elfu moja bila kuingiza oksijeni kunahitaji mashine ambayo huenda ikagharimu kama vyombo vyote vya kupikia. Pipa moja lina shingo moja ya kulinda. Ndiyo maana bia za namna hii katika miji yetu zilianzia bombani, palepale zinapopikwa au karibu yake: Brew Bistro jijini Nairobi, Crafty Dee's jijini Dar es Salaam. Kigali nako wazo lilianza kwa ukumbi wa kunywea. Mwaka 2016 kampuni ya Beau's ya Vankleek Hill, Ontario, Canada, ilichangisha fedha kupitia Kickstarter ili kusaidia kujenga kiwanda kidogo cha bia Kigali kitakachoongozwa na wanawake, na kutokana na safari hiyo tukakipata kiwanda cha Kweza. Ukumbi wa namna hiyo unamiliki baridi yake, mipira yake na mhudumu aliyefundishwa. Bia ikivuka barabara kwenda kwenye baa ya mtaa, vyote vitatu vinabaki nyuma.

Mpishi mdogo akijaza chupa kwa mashine hafifu, adui yake ni ile hewa kidogo inayobaki chini ya kizibo. Wapishi wana kanuni ya kukadiria: uharibifu unaotokea kwa siku 3 kwenye nyuzi 32 huchukua siku 30 kwenye nyuzi 22, na siku 300 ukiwa ndani ya friji. Chumba cha Gitega kiko karibu na nyuzi 22. Baada ya mwezi bia ya hopsi nyingi huanza kunuka karatasi iliyolowa, na mnywaji hasemi kwamba oksijeni imeingia, anasema bia hii si nzuri, haagizi tena.

Njia ninayoitetea ni ya kale kuliko mashine. Bia iliyokwisha kuchacha hutiwa sukari gramu 6 hadi 7 kwa lita, hamira ikiwa bado hai ndani yake, kisha hufungwa. Ndani ya chupa hamira hula sukari hiyo, hutengeneza gesi inayotakiwa, na njiani hula sehemu kubwa ya oksijeni iliyokuwa ikitutisha. Kazi hiyo huchukua wiki mbili hadi tatu kwenye nyuzi 20 na kidogo, joto ambalo Kigali inalitoa bure mwaka mzima. Haihitaji mtungi wa gesi wala handaki la maji ya moto. Inahitaji mizani ya uhakika, kwa sababu sukari ikizidi chupa hupasuka, na chupa iliyochakaa kwa kuoshwa mara nyingi hupasuka mapema zaidi.

Bia hiyo huacha mashapo chini. Wauzaji wanaogopa kwamba mteja aliyezoea Primus inayong'aa ataikataa. Nadhani wanamsahau mteja wao. Huyuhuyu, au mama yake, anaijua ikigage ya mtama, nzito na yenye ukungu, inayonywewa kwa mrija wa umuheha kutoka chombo kimoja na kumalizika kabla haijachachuka. Anaujua urwagwa wa ndizi. Pombe iliyo hai si ugeni kwake. Atahitaji tu mhudumu amwambie amimine taratibu na kuacha kidole kimoja chini, au aitikise kama anapenda yote. Na akiitaka ya moto, ataipata ya moto, ikiwa na ladha zaidi ya laga yoyote iliyokaa kwenye joto hilo, kwa kuwa bia za namna hii nyingi hunoga kwenye nyuzi 12 na kuendelea.

Anayeng'ang'ania bomba, na iwe hivyo, basi achukue pipa la lita 20 na kuliweka zima ndani ya friza yenye kidhibiti joto. Bomba lipite kwenye mlango, mpira usizidi urefu unaohitajika, kipimo kiwe 95. Mpira wa mita 3 wenye upana wa milimita 5 ndani hubeba mililita 60 tu. Hizo zimwagwe kabla ya glasi ya kwanza ya jioni. Na glasi ijazwe mteja akiiona.

Tatizo la chupa yangu ni chupa yenyewe. Za Bralirwa na Skol ni mali yao na zinarudi kwao. Mpishi mdogo ananunua za kwake, pengine kutoka kiwanda cha Kioo cha Dar es Salaam, anazisafirisha zaidi ya kilomita elfu zikiwa tupu, kisha anaziuza pamoja na bia kana kwamba ni karatasi ya kufungia. Hapo ndipo faida inapotelea. Wapishi wadogo wa Kigali wangekubaliana juu ya chupa moja ya kahawia, isiyo na jina la mtu, yenye amana inayolipwa kwenye kreti kama zile nyingine, mwenye baa wa Gitega angejua la kufanya nayo siku hiyohiyo, maana hesabu anaijua. Bila amana hiyo chupa zitaishia majumbani zikitiwa mafuta ya kupikia na asali, na mpishi ataagiza nyingine Dar.