Mamba gani huyu anayetema moto?

Majuzi mzee mmoja aliniuliza tukitoka kanisani: "Mwalimu, hebu nambie, huyu mamba wa Ayubu 41 anatema moto vipi?" Sikuwa na jibu la papo hapo. Nikaenda kulinganisha aya. Kumbe katika Biblia ya Union Version ya 1952, neno lile lile la Kiebrania, livyatan, ni 'mamba' katika Ayubu lakini 'lewiathani' katika Isaya 27 na Zaburi 74. Na huyo wa Zaburi ana vichwa, si kichwa!

Mfaransa Samuel Bochart ndiye aliyeshikilia mwaka 1663 kwamba ni mamba, na wengi wakamfuata. Mimi sikubali. Mungu anamuuliza Ayubu kama aweza kumvua kiumbe huyu kwa ndoana. Akiwa ni mamba tu, wawindaji wa Mto Tana si watajibu "naam"? Swali zima linaporomoka. Talmudi nayo yasimulia kuwa Mungu alimuua jike lake, akalitia chumvi kwa ajili ya karamu ya wenye haki.

Ningeandika 'lewiathani' kote. 'Joka' lingefaa pia, ila Isaya 27 inalitumia tayari, katika aya hiyo hiyo, kutafsiri neno jingine.