Cheni Ilikazwa Mahali pa Kulegezwa

Giaboksi haikuwa na kosa. Nalisema hili mapema kwa sababu tangu kile kifaru cha rimoti kizimike ufukweni Raskazone, hapa Tanga, maji yakiwa yamekupwa, lawama zote wanapewa Wachina waliokitengeneza. Mliokuwepo mliona nilichokiona: Sherman ya kipimo cha 1 kwa 16, cheni za chuma, betri imejaa, mota mbili zenye nguvu ya kutosha. Kilichokiua ni spana moja iliyotolewa mfukoni wakati usiofaa.

Kazi nzuri ilikuwepo. Risiva ilizibwa vizuri isipate maji, rangi ilitulia, na dereva alijua kupunguza mwendo kabla ya kupanda tuta.

Sasa turudi kwenye ile dakika. Kifaru kilishuka kutoka kwenye saruji, kikapita mchanga mkavu bila taabu, kikafika kwenye mchanga wa chini, ule unaobaki umelowa bahari ikisharudi nyuma. Hapo cheni ya kulia ikaanza: tak, tak, tak. Aliyewahi kukaa karibu na katapila likiwa kazini anaijua sauti hiyo. Kiungo kinapanda juu ya jino la sproketi, kinaanguka, kinapanda tena. Mwenye kifaru akasimamisha, akapiga magoti, akaangalia. Mpaka hapo hajakosea lolote. Kisha akalegeza nati ya aidla, lile gurudumu la kukazia cheni, akaivuta nyuma mpaka cheni ikanyooka kama uzi wa gambusi, akafunga nati, akasimama.

Mchanga hakuugusa. Mabonde ya sproketi yalikuwa yamejaa mpaka juu, rojo yenye vipande vya makombe na matumbawe imeshindiliwa kati ya meno, na nyingine imekaa kati ya rola na upande wa ndani wa cheni. Alikuwa nayo mbele ya macho. Brashi ya meno ingetosha. Hata kijiti cha mvinje kingetosha.

Mchanga ukijaa kwenye mabonde, sproketi inakuwa nene kuliko ilivyotengenezwa. Cheni haikai tena chini kati ya meno, inapanda juu ya mchanga, na ikipanda inadai urefu ambao haina. Urefu huo unatoka wapi? Unatoka kwenye ulegevu. Ndiyo kazi ya ulegevu, na ndiyo sababu hakuna mtengenezaji wa mtambo wa cheni anayekwambia uufute wote. Mtu akiuondoa kwa spana wakati mchanga bado umo, hakuna kinachobaki cha kutoa. Mvuto wote unahamia kwenye ekseli ya aidla, kwenye shafti ya sproketi, na mwisho kwenye meno ya gia. Ile tak, tak, tak ilikuwa cheni inaomba nafasi, naye akainyima hata ile kidogo iliyokuwa nayo.

Halafu akazungusha kifaru papo hapo, cheni moja mbele, nyingine nyuma, kwenye mchanga uliolowa. Kugeuka namna hiyo husukuma mchanga ubavuni na kuuingiza zaidi ndani ya cheni. Mota ikanguruma, kifaru hakikusogea, kisha tukasikia mlio mkavu wa meno kukatika. Na watu wakasema, si mnaona, gia za bei rahisi.

Kanuni ya mitambo mikubwa iko wazi, na ni ya zamani: ulegevu wa cheni hupimwa na kurekebishwa katika hali ileile ya kazi, na tope au mchanga ukiwa umo ndani. Ukipima karakanani kwenye saruji safi, kisha ukaenda kufanya kazi kwenye tope, cheni itajikaza yenyewe. Kwa hiyo anayeshuka ufukweni hulegeza kabla ya kushuka. Aliyekaza akiwa huko chini amefanya kinyume mara mbili.

Nimesikia utetezi wake, nao unastahili jibu, maana wengi wenu mnauamini. Anasema picha za Sherman halisi zinaonyesha cheni iliyonyooka. Kweli. Lakini tazameni ile cheni imeundwaje. Pini zake zimepita ndani ya bushi za mpira, kwa hiyo kiungo kinapojikunja, mpira ndio unaojipinda. Chuma hakisuguani na chuma. Juu kuna rola za kuibeba. Cheni ya modeli ni vipande vya chuma vilivyounganishwa kwa pini kavu ndani ya tundu kavu. Kwa nje ni Sherman, kwa ndani ni kitu kingine kabisa. Huwezi kunakili unyoofu wa picha ukaacha mpira uliouwezesha. Nimelisema hili kwa miaka: modeli hutunzwa kwa jinsi ilivyoundwa, si kwa jinsi inavyofanana.

Kama ni kifaru cha kuigwa, tunacho karibu. Type 59, vile vya Kichina ambavyo jeshi letu lilikuwa navyo kwenye Vita vya Kagera, 1978 na 1979. Hakina rola za juu. Magurudumu matano makubwa kila upande, sproketi nyuma, na cheni ya juu imelala kwenye migongo ya magurudumu, imelegea wazi, kila mtu anaiona. Mtoto akiiangalia atadhani imeharibika. Haijaharibika, ndivyo cheni ya pini kavu inavyotakiwa kuishi. Vijana waliovitunza vifaru vile kwenye tope, kutoka Kagera mpaka Kampala ilipoangushwa Aprili 1979, hawakuwa na video za kuwafundisha. Walikuwa na nyundo, mtarimbo na macho yanayoangalia.

Na kwa kuwa nimeanza, niseme pia la grisi. Bado naona watu wa Tanga wakipaka grisi kwenye pini za cheni kabla ya kwenda pwani, ati kuzuia kutu. Grisi kwenye pini iliyo wazi hushika mchanga na kuupeleka mahali ambapo peke yake usingefika, kisha inausaga humo ndani siku nzima. Naamini kosa hili limezaliwa kwenye karakana za katapila: watu walimwona fundi akipiga grisi karibu na aidla, wakadhani analainisha cheni. Grisi ile inaingia kwenye silinda ya kukazia. Inasukuma aidla mbele, basi. Haifiki kwenye pini. Pini za katapila zenye mafuta ndani zilikuja miaka ya 1970, nazo mafuta yake yamefungiwa kwa sili. Kabla ya hapo zilikuwa kavu, na matrekta ya mashamba yetu ya mkonge yalitembea kwa hizohizo kavu.

Kutu tunaizuia kwa maji baridi. Ukitoka Raskazone, mwaga maji ya bomba mpaka chumvi iishe, zungusha cheni kwa mkono, kausha juani. Cheni nyingi za modeli zimemiminwa kwa aloi ya zinki, na chumvi ikikaa usiku mmoja tu, asubuhi unakuta unga mweupe kwenye matundu ya pini.

Sherman kulazimishwa kazi isiyo yake si jambo geni nchini kwetu. Ule mradi wa karanga wa Waingereza, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ulileta Kongwa matrekta yaliyotokana na vifaru vya Sherman. Vickers-Armstrongs waliyabadilisha na kuyaita Shervick. Kifaru kimeundwa kukimbia, kubeba silaha na kuvuka njia. Kule kiliambiwa kivute polepole, mzigo mzito, saa baada ya saa, kwenye udongo unaokauka ukawa kama saruji na wenye chembe za kwatzi zinazokula chuma. Mwaka wa kwanza, 1947, walikusudia kulima eka 150,000. Zilizopandwa ni kama 7,500. Mitambo iliyokufa ilikuwa sababu moja kati ya nyingi, na Januari 1951 mradi ukafungwa. Wakubwa wa London walitazama nguvu ya farasi, hawakutazama ardhi. Nasikitika kuona fikra ileile kwenye mchanga wetu, ambao kwa sehemu ni chokaa ya matumbawe, laini kuliko kwatzi. Kwa chuma, Raskazone ni pahali pa huruma ukilinganisha na Kongwa.

Mafundi wa mashamba ya mkonge walijua kutazama ardhi. Walikuwa na desturi ambayo sijamwona mwenye modeli hata mmoja akiifuata: kupima viungo kadhaa vya cheni kwa pamoja, toka pini hadi pini, na kulinganisha na urefu wa cheni ilipokuwa mpya. Cheni haivutiki, ni matundu yanayopanuka na bushi inayoliwa upande mmoja. Wakigundua imefika nusu ya maisha yake, waliing'oa, wakasukuma pini na bushi kwa presi, wakazigeuza nusu mzunguko ili upande mzima uanze kazi, wakarudisha. Cheni moja ikaishi karibu mara mbili.

Nimeomba cheni za kile kifaru nikazilaza juu ya meza, kulia na kushoto, viungo kumi kwa kumi. Za kulia zimezidi za kushoto kwa unene wa ukucha. Tofauti hiyo haitokei kwa alasiri moja. Upande wa kulia umekuwa ukiendeshwa umekazwa kwa muda mrefu, na kila ulipolegea kwa kuliwa, ulikazwa tena badala ya kupimwa. Giaboksi mpya imeshaagizwa. Ikifungwa na cheni hizihizi, sproketi itakutana na viungo vyenye nafasi isiyolingana na meno yake, na ile sauti itaanza hata kwenye saruji. Atoe pini zote za kulia, abadilishe zilizoliwa, aondoe kiungo kimoja kama urefu bado umezidi, na aidla aiweke mahali ambapo kidole cha shahada kinainua cheni ya juu bila kulazimisha. Spana aiache nyumbani, achukue brashi.