Waliifuta duru ya pili

Wakongo tunapenda kusema ibara ya 220 ya katiba yetu ya 2006 inatulinda: idadi ya mihula ya rais haiguswi. Sawa. Lakini wajanja hawakuigusa. Mwaka 2006 Joseph Kabila alipata asilimia 45 hivi, ikabidi aingie duru ya pili. Januari 2011 bunge likaifuta duru hiyo, eti gharama. Desemba mwaka huohuo akatangazwa mshindi kwa asilimia 49 hivi. Yaani zaidi ya nusu ya kura hazikuwa zake, na kwa kanuni mpya ikatosha! Sisi tunalinda mlango, wao wamepitia dirishani. Vijana, tukisikia marekebisho “madogo”, tuulize kwanza: nani anafaidika uchaguzi ujao?