Ushiriki au Ushirikishwaji? Uhakiki wa Lugha ya Utafiti Tendaji katika Uendeshaji wa Taasisi

Makala hii inahakiki namna utafiti tendaji unavyozungumzwa na kuandikwa katika taasisi zetu. Utafiti huu ulikusudiwa kuifanya taasisi ijifunze kutokana na kazi yake yenyewe: watumishi hubaini tatizo, hujaribu hatua, huchunguza matokeo, kisha hupanga upya. Ninadai kwamba mara nyingi umegeuka kuwa njia nyingine ya kuandaa ripoti, na kwamba dalili za mgeuko huo huonekana kwenye lugha kabla hazijaonekana kwenye matokeo.

Neno linalostahili kuchunguzwa kwanza ni ushirikishwaji, ambalo leo halikosekani katika andiko lolote la mradi. Mzizi wake ni kitenzi shiriki. Ukikinyambua katika kauli ya kutendesha unapata shirikisha, na katika kauli ya kutendwa, shirikishwa. Anayeshiriki ni mtenda. Anayeshirikishwa ametendewa, na nyuma yake yupo mwingine aliyeamua ashirikishwe lini, katika jambo gani na kwa kiasi gani. Nchini Kenya, ambako Katiba ya 2010 inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, mazungumzo ya kila siku hutumia ushirikishwaji wa umma au uhusishwaji wa umma, maneno yenye umbo lilelile la kutendeshwa. Sidai kwamba kiambishi huunda siasa. Nadai tu kwamba wasemaji wamechagua umbo linaloeleza kwa usahihi kile wanachokiona.

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani, alieleza mwaka 1946 mzunguko wa kupanga, kutenda na kutafuta ukweli kuhusu matokeo ya tendo. Miaka miwili baadaye Lester Coch na John French walichapisha jaribio lao katika kiwanda cha Harwood, jimboni Virginia, kilichoshona nguo za kulalia. Kundi moja la wafanyakazi lilitangaziwa tu kwamba kazi itabadilika. Jingine lilituma wawakilishi katika kupanga mabadiliko hayo. Na katika makundi mengine mawili kila mfanyakazi alihusika. Katika kundi la kwanza uzalishaji ulishuka, na asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40. Katika makundi ambamo wote walihusika, uzalishaji ulirejea upesi na kupita kiwango cha awali.

Jaribio hili hunukuliwa kama ushindi wa ushiriki. Mimi nalisoma kwa tahadhari zaidi. Kwamba kazi ibadilike, hilo lilikuwa limeshaamuliwa na uongozi; kilichojadiliwa na wafanyakazi ni namna ya kubadilika. Kwa istilahi zetu, Harwood palikuwa na ushirikishwaji wenye tija. Si jambo dogo, ila ni jambo tofauti, na mshauri wa sera anayeuita ushiriki anampa mteja wake picha isiyo kamili.

Tanzania ina urithi wake katika suala hili, nao husahaulika kwa urahisi wa kushangaza. Katika miaka ya 1970, kupitia kazi za Marja-Liisa Swantz na wenzake, mkabala wa utafiti shirikishi ulijadiliwa kwa kina Dar es Salaam, na Mradi wa Jipemoyo ukawaweka watafiti wa Kitanzania na wa Kifini vijijini, magharibi mwa Wilaya ya Bagamoyo, miongoni mwa wakulima na wafugaji. Tazama jina lenyewe. Jipe moyo lina kiambishi cha kujirejelea, -ji-, ambapo mtenda na mtendewa ni mmoja. Hata hivyo mradi huo nao haukuiepuka kasoro ninayoijadili: majuzuu yake yaliyoanza kutoka Uppsala mwaka 1977 yaliandikwa kwa Kiingereza. Maarifa yalizaliwa katika mazungumzo ya Kiswahili, kisha yakahifadhiwa mahali ambapo wengi wa wazungumzaji hao hawangeweza kuyasoma, wala kuyapinga.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuwa mshauri wa lugha katika taasisi moja ya umma iliyokuwa ikichunguza kwa nini barua za wateja huchelewa kujibiwa. Katika kikao cha pili mtunza kumbukumbu wa masjala alisema: "Barua hazikai kwangu. Faili likishapanda juu halishuki mpaka mtu aulize, na sisi huku chini hatuna wa kumwuliza." Chumba kilinyamaza. Huo ulikuwa ndio ugunduzi wa utafiti mzima, umetolewa kwa sentensi mbili. Ripoti ilitoka kwa Kiingereza, ikiambatana na muhtasari wa Kiswahili uliosema kwamba "imebainika kuwapo kwa changamoto ya mtiririko wa taarifa" na kwamba "inapendekezwa watumishi wa ngazi ya chini wajengewe uwezo." Nani alibaini? Faili lilikwama kwa nani? Kauli za kutendeka na kutendwa zilikuwa zimewaondoa wote. Mtunza kumbukumbu yule aliniuliza kama ni yeye atakayepelekwa semina. Ndiye aliyepelekwa.

Chris Argyris na Donald Schön, katika kitabu chao cha 1978, walitofautisha kujifunza kunakosahihisha kosa ndani ya taratibu zilizopo na kujifunza kunakohoji taratibu zenyewe. Kwa kumpeleka mtunza kumbukumbu semina, taasisi ile ilichagua la kwanza. Swali lake lilikuwa la aina ya pili.

Jambo la kusikitisha ni kwamba chombo cha kujifunza tunacho. Kila kikao rasmi nchini Tanzania kina ajenda ya yatokanayo, ambapo maazimio ya kikao kilichopita hurejewa moja baada ya jingine. Mzunguko wa Lewin tayari umo humo. Lakini safu ya utekelezaji kwa kawaida hujazwa kwa neno moja: imetekelezwa, inaendelea, haijatekelezwa. Hakuna nafasi ya kuandika tulichojifunza kwa kutekeleza, wala kwa kushindwa. Taasisi inayotaka utafiti tendaji haihitaji kuanza na mtaalamu mwelekezi. Ianze kwa kuongeza safu hiyo.

Wenzangu wamenipinga kwa hoja nzito: kauli ya kutendwa humlinda pia mnyonge. Ningeandika nani alisema faili halishuki, ningemweka mtunza kumbukumbu yule hatarini. Nakubali. Kwa hiyo napendekeza kumbukumbu zitaje hatua na cheo panapokwama kazi, si jina la aliyesema, na washiriki wakubaliane kabla ya kikao ni maneno gani yatatoka chumbani. Hadidu za rejea nazo zidai ripoti kamili katika lugha iliyotumika kikaoni, isomwe mbele ya waliozungumza kabla haijapelekwa kwa afisa masuuli, na pingamizi zao ziambatishwe kama zilivyo. Gharama yake ni kikao kimoja zaidi. Katika taasisi niliyoieleza, kikao hicho kiliombwa na watumishi wenyewe kwa dokezo, na mara ya mwisho nilipouliza, dokezo hilo lilikuwa bado halijashuka.