Mtazame Mikono

Ukitaka kumpima dula, yule anayemsindikiza mama anapojifungua, mtazame uchungu unapomjia mama. Aliyeiva huwa ameshaweka kiganja chini ya mgongo, pale kwenye mfupa wa juu ya makalio, kabla hajaombwa. Anakandamiza kwa kiganja chote, anaongeza nguvu uchungu ukipanda, analegeza ukishuka, na ukikatika anauondoa mkono. Kucha ni fupi, pete kavua, wala hakujipaka manukato, maana mwanamke aliye leba anaweza kutapika kwa harufu ndogo tu. Anayesugua mgongo mfululizo huku jicho liko kwenye simu bado hajajifunza kazi.

Jina dula asili yake ni Kigiriki, lakini kwetu kazi yenyewe walikuwa nayo mama, shangazi na wifi tangu zamani. Dula wa leo amesomea kumsindikiza mzazi. Utafiti uliojumlisha majaribio 26 kutoka nchi 17, ukachapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa wanawake waliosindikizwa mwanzo hadi mwisho walijifungua zaidi kwa njia ya kawaida, operesheni zikapungua na uchungu ukawa mfupi kidogo. Shika hayo maneno: mwanzo hadi mwisho. Kabla ya kukubaliana naye bei, muulize nani atashika nafasi yake usiku ukimshinda. Akibabaika, tafuta mwingine.

Halafu msikilize. Namkumbuka mmoja, saa tisa za usiku, mama wa uzazi wa kwanza akilia kwamba hawezi tena. Dula hakumwambia "jikaze". Alipiga magoti mpaka nyuso zikawa sawa, akaanza kushusha pumzi ndefu kwa sauti, pole pole, mpaka taya la yule mama likalegea na pumzi zao zikawa moja. Ndipo akamwuliza, "Tulale ubavu, mama, au unataka kuchuchumaa?" Akampa maji kwa mrija. Hiyo ndiyo kazi. Wapo wanaopiga kelele "sukuma, sukuma!" hata kabla njia haijafunguka sentimita 10. Hao humchosha mama bure.

Kuna kosa moja nisiloweza kulisamehe: kumnywesha mama mitishamba ya kuongeza uchungu. Mfuko wa uzazi unaweza kubana mpaka ukachanika, na nesi asijue amekunywa nini. Dula mzuri hapimi njia, hatoi dawa, hagombani na wakunga. Anamsaidia mama aulize mwenyewe anachotaka kujua.

Pima mara ya mwisho mtoto akishatoka. Chumba kizima humgeukia mtoto. Ndugu wanapiga vigelegele, simu zinatolewa. Dula wa kweli habanduki kwa mama. Anamfunika, anamsaidia kumweka mtoto kifuani anyonye, na kila baada ya muda anafunua kanga kidogo, anaangalia damu. Ikizidi, hangoji vigelegele viishe. Anamwita mkunga papo hapo.